Fomu yetu ya maombi ya kazi mtandaoni inawakwamisha wasioona: tuanzie wapi kuirekebisha?

Afisa Ajira

Wanajukwaa, salaam.

Niko katika idara ya rasilimali watu ya kampuni ya usambazaji wa bidhaa hapa Mwanza, na idadi ya wafanyakazi wetu imevuka mia moja. Tangu tulipoacha kupokea maombi ya kazi kwa bahasha, kila anayetaka nafasi kwetu hufungua akaunti kwenye tovuti, huandika namba ya NIDA, hujaza kurasa kadhaa za elimu na uzoefu, hupakia vyeti vyake, kisha hubonyeza kitufe cha kuwasilisha. Katika tangazo letu la mwisho, lililohusu nafasi za uhasibu na huduma kwa wateja, mwombaji mmoja asiyeona alituandikia barua pepe akieleza kwamba fomu haikumruhusu kuvuka ukurasa wa pili, na kwamba alipokwenda steshenari ili asaidiwe kujaza, ilimbidi amtajie mhudumu wa pale nywila yake na namba yake ya kitambulisho huku watu waliokuwa kwenye foleni wakisikia. Dirisha la maombi lilifungwa kabla hajafika mwisho.

Wakuu wangu hawana nia mbaya. Sharti la watu wenye ulemavu kuwa asilimia 3 ya wafanyakazi wanalifahamu, ila jibu lao la kila mara ni kwamba watu hao hawaombi kazi kwetu. Baada ya barua ile nimeanza kuamini kwamba wanaomba, lakini maombi yao hayafiki. Kampuni iliyotutengenezea mfumo imependekeza tununue kitufe cha kubandika pembeni mwa ukurasa, ambacho mtu akikibonyeza maandishi hukua, rangi hubadilika na sauti husoma. Wanasema kitamaliza tatizo bila kuigusa fomu yenyewe.

Naomba ushauri wa wenye uzoefu kabla ya tangazo lijalo. Ni nini hasa ndani ya fomu kinachomzuia mtu asiyeona? Kitufe hicho kina faida yoyote? Tukitoa anwani ya barua pepe kwa wasioweza kutumia tovuti, tutakuwa tumetimiza wajibu wetu? Na mtu huyo akishaajiriwa, mifumo yetu ya ndani, kama ule wa mahudhurio na ule wa kuomba likizo, itamfaa kweli?

Msomaji kwa Masikio

Mleta mada, nakushukuru kwa kuuliza mapema. Mimi sioni tangu utotoni, na kazi yangu ni kupokea na kujibu malalamiko ya wateja. Ofisini natumia NVDA, programu ya kusoma skrini inayotolewa bure kwa kompyuta za Windows, na kwenye simu natumia TalkBack ambayo huja ndani ya simu nyingi za Android. Wengi wetu tunaoomba kazi hatuna kompyuta nyumbani, kwa hiyo fomu ambayo imejaribiwa kwenye kompyuta peke yake bado haijajaribiwa.

Kwa asiyefahamu, programu hizi haziutazami ukurasa kama jicho linavyoutazama. Husoma maelezo yaliyomo ndani ya msimbo wa ukurasa na kunipeleka kutoka kisanduku kimoja hadi kingine. Kisanduku kikiwa kimeunganishwa na jina lake, nasikia "Jina la kwanza, sehemu ya kuandika, lazima ijazwe." Fundi akiwa ameliandika jina juu ya kisanduku kwa ajili ya macho tu, bila kuviunganisha viwili hivyo, nasikia "sehemu ya kuandika," kisha "sehemu ya kuandika," kisha tena hivyo hivyo, na inabaki kwangu kubahatisha ni ipi ya jina na ni ipi ya tarehe ya kuzaliwa.

Ukurasa wenu wa pili sijauona, lakini kurasa za elimu na uzoefu ndizo ambazo kwa kawaida huwa na kalenda ya kuchagua tarehe kwa kubofya. Mwenye macho hubofya mwaka, mwezi, siku, akaendelea. Mimi kalenda ile naweza nisiifikie kabisa kwa kibodi, au nikaifikia nikalazimika kurudi nyuma mwezi mmoja mmoja hadi mwaka niliohitimu. Halafu nikikosea, fomu huzungusha mstari mwekundu kwenye kisanduku chenye kosa na kunyamaza. Nabonyeza "Endelea" na hakuna kinachotokea. Sielezwi kosa liko wapi wala ni kosa gani. Sehemu ya kupakia vyeti nayo huandikwa "buruta faili hapa," agizo ambalo mtu asiyetumia kipanya hawezi kulitekeleza. Na mwisho kabisa, baada ya jasho lote hilo, nadaiwa nithibitishe kuwa mimi ni binadamu kwa kuchagua picha zenye taa za barabarani.

Kuna jingine ambalo nadhani linatuhusu zaidi sisi wa Kiswahili. Ukurasa unaweza kuwa umeandikwa kwa Kiswahili huku ndani ya msimbo wake umetajwa kuwa ni wa Kiingereza, kwa sababu fundi alichukua kiolezo cha ng'ambo akabadilisha maneno bila kubadilisha lugha. Hapo sauti ya Kiingereza ndiyo inayosoma Kiswahili, na silabi zinavunjwa kiasi kwamba hata niliyezoea siambulii kitu. Sauti ya Kiswahili ipo. Imo ndani ya eSpeak NG inayokuja pamoja na NVDA, na programu huihamia yenyewe pale ukurasa unapoitaja lugha yake kwa usahihi.

Kuhusu steshenari, tatizo haliishii kwenye usiri. Mhudumu mwenye foleni nyuma yangu hufupisha maelezo yangu, hubadilisha maneno, na mimi sina njia ya kuhakiki alichoandika kabla hajabonyeza kitufe. Mwajiri akisoma maombi yale anampima mhudumu wa steshenari.

Hicho kitufe cha pembeni msikinunue. Mimi nakuja na sauti yangu niliyoizoea na kasi yangu niliyoipanga. Sauti ya pili ikianza kusema juu yake nazisikia zote mbili na sielewi hata moja. Na kisanduku kisicho na jina kitabaki hakina jina, hata maandishi yakikuzwa ukubwa wa bango.

Tena, kabla hatujafika kwenye fomu: tangazo lenyewe mlilitoaje? Kama lilikuwa picha iliyosambazwa kwenye makundi ya WhatsApp, basi huyo mwenzetu aliyewaandikia alisomewa na mtu. Wengine hawakujua hata kama kuna nafasi.

Fundi wa Mifumo

Naunga mkono yote aliyosema Msomaji, na naongeza upande wa ufundi, kwa kuwa mleta mada atahitaji maneno ya kuwaambia waliomtengenezea mfumo.

Vigezo vipo na ni vya wazi. Taasisi ya W3C, inayosimamia viwango vya wavuti duniani, ilitoa toleo la kwanza la mwongozo wa kuzifanya tovuti zitumike na watu wenye ulemavu, uitwao WCAG, mwaka 1999, la 2.0 mwaka 2008, na la 2.2 Oktoba 2023. Una ngazi tatu, A, AA na AAA, na ngazi ya AA ndiyo inayodaiwa na sheria na mikataba mingi. Mtengenezaji akikwambia mfumo wake "unafikika kwa wote," muulize ni kwa toleo lipi na ngazi ipi, na nani aliupima. Aghalabu mazungumzo huwa mafupi sana baada ya swali hilo.

Sehemu kubwa ya matengenezo si ghali, kwa sababu ni kurudi kwenye misingi ambayo vivinjari vimekuwa vikiielewa siku zote. Unganisha kila kisanduku na lebo yake. Badala ya kalenda, weka visanduku vitatu vya siku, mwezi na mwaka, ambavyo mtu huandika tarakimu tu. Kosa lielezwe kwa maneno, kando ya kisanduku husika, na mshale wa kuandikia upelekwe hapo. Kitufe cha kawaida cha kuchagua faili kiwepo hata kama sehemu ya kuburuta itabaki. Lugha ya ukurasa itajwe kuwa sw, yaani Kiswahili. Kuhusu kuthibitisha ubinadamu, fomu ya kampuni ya kawaida inaweza kuwazuia roboti kwa kisanduku kilichofichwa ambacho binadamu hakijazi, au kwa ukaguzi unaofanyika upande wa seva bila kumsumbua mtu. Wala msimzuie mtu kubandika nywila aliyoinakili. Katazo hilo huwaumiza wenye matatizo ya kumbukumbu na wenye mikono isiyotii, na toleo la 2.2 linaligusa moja kwa moja.

Muda nao utazamwe. Mifumo mingi humtoa mtu nje akikaa kimya kwa dakika kadhaa, na anayesikiliza kila kitu au anayeandika kwa kidole kimoja huonekana kana kwamba amekaa kimya. Mwongozo unataka mtu aonywe kabla ya muda kwisha na apewe angalau sekunde 20 za kuuongeza kwa kitendo chepesi. Mimi ningekwenda mbali zaidi: fomu ihifadhi kila ukurasa unaokamilika, ili mtu arudi hata kesho. Hilo litawafaa pia wale ambao bando limekata au umeme umeondoka wakiwa ukurasa wa nne, nao katika nchi yetu si wachache.

Juu ya kitufe cha pembeni, wakuu wako wasidhani ni maoni yetu tu. Januari 2025 Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani ilitangaza kwamba kampuni ya accessiBe, mojawapo ya wauzaji wakubwa wa zana za aina hiyo, italipa dola milioni 1 kutokana na tuhuma kwamba iliwahadaa wateja kwa kudai zana yake inaweza kuifanya tovuti yoyote itimize WCAG.

Jaribio la kwanza unaweza kulifanya mwenyewe leo hii. Chomoa kipanya, kisha jaza fomu nzima kwa kitufe cha Tab, mishale, Space na Enter. Kisha kuza ukurasa hadi asilimia 400 uone kama kitufe cha kuwasilisha bado kinaonekana. Ukikwama, usiwaite watumiaji wasioona waje kukwambia kile ambacho tayari umekiona. Rekebisha kwanza, wao waje kukuonyesha usiyoyaona.

Wakili wa Pwani

Naandika kutoka Mombasa, ila sheria za Tanzania nazifahamu kiasi kutokana na wateja wenye ofisi pande zote mbili.

Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 ndiyo inayoweka asilimia 3 kwa mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi, na wakuu wa mleta mada wanaishia hapo. Wasome pia Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 7, kinachokataza ubaguzi kwa misingi kadhaa, ulemavu ukiwemo. Kifungu hicho kinamhesabu mwombaji wa kazi kama mfanyakazi, na kinaingiza taratibu za kutangaza nafasi na kuchuja waombaji katika yale yanayoweza kuwa ya kibaguzi. Kwa hiyo fomu isiyojazika inaweza kuwa suala la kisheria hata kama hakuna aliyekusudia ubaya. Juu ya hayo upo Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009. Ibara ya 9 inahusu ufikikaji, teknolojia ya habari ikiwemo, na ibara ya 27 inahusu kazi, pamoja na wajibu wa kufanya marekebisho stahiki.

Kwetu Kenya, ibara ya 54 ya Katiba ya 2010 inataja haki ya kufikia habari, sheria mpya ya 2025 imeweka asilimia 5 kwa waajiri wenye wafanyakazi 20 na zaidi, na tangu 2022 tuna kiwango cha kitaifa, KS 2952, kinachohusu ufikikaji wa bidhaa na huduma za teknolojia ya habari. Kampuni ya Mwanza haifungwi na hayo, lakini kama inafikiria kufungua tawi upande huu, ni bora ijenge mfumo mmoja unaokidhi kote.

Sasa swali la barua pepe. Kama njia ya muda, wakati fomu inatengenezwa, inakubalika, mradi itangazwe ndani ya tangazo lenyewe, iwe na tarehe ile ile ya mwisho, mwombaji apewe namba ya kumbukumbu kama wengine, na maombi yake yaingizwe kwenye orodha ile ile kabla ya mchujo. Nimeona mahali ambapo maombi ya barua pepe yalikaa kwenye kikasha cha mtu aliyekuwa likizo hadi usaili ukapita. Njia ya pembeni ya namna hiyo ni ubaguzi uliopangiwa anwani.

Tena msiweke kisanduku kinachouliza "Una ulemavu gani?" Ulizeni mtu anahitaji nini ili ashiriki katika usaili. Taarifa za afya ni nyeti, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ya huko kwenu inadai sababu na uangalifu katika kuzikusanya. Jibu la swali hilo lionwe na anayeandaa usaili, lisionwe na wanaotoa alama.

Mkalimani wa Alama

Mazungumzo yote yamekuwa juu ya macho, nami naomba niwasemee viziwi ninaowakalimania.

Fomu wanaijaza vizuri. Wanakwama baadaye, pale ofisi inapopiga simu kuwaita kwenye usaili, simu haipokelewi, na karani anaandika "hakupatikana." Wekeni kwenye fomu swali la njia ambayo mtu angependa kutafutwa, iwe ujumbe mfupi, WhatsApp au barua pepe, kisha ofisi ifuate jibu hilo.

Usaili ukifanyika kwa video, mkalimani awe amebandikwa mahali pamoja kwenye skrini muda wote, kwa sababu picha inayoruka kwenda kwa kila anayezungumza humwacha kiziwi akitazama midomo. Maandishi ya moja kwa moja chini ya video yanasaidia wale waliopoteza usikivu ukubwani. Kwa aliyekulia katika Lugha ya Alama ya Tanzania, Kiswahili cha maandishi ni lugha ya pili, kwa hiyo maandishi hayo hayachukui nafasi ya mkalimani. Gharama ya mkalimani ni ya mwajiri, na taarifa apewe mapema pamoja na istilahi za kazi hiyo. Mimi mwenyewe siwezi kukalimani usaili wa uhasibu niliouona asubuhi hiyo hiyo.

Mhasibu wa Dodoma

Nina ualbino na uoni hafifu, na nimekuwa kwenye uhasibu kwa muda mrefu, kwa hiyo nitajibu lile swali la mwisho ambalo wengi wamelipita.

Kupata kazi ni nusu ya safari. Programu za uhasibu nyingi tunazotumia hapa zina herufi ndogo zisizokubali kukuzwa. Ukikuza skrini nzima, nusu ya safu za tarakimu hutoroka upande wa kulia. Kabla ya kununua programu, mwombeni muuzaji aifungue ikiwa imekuzwa mara mbili, kisha ajaribu rangi nyeupe juu ya nyeusi. Mwongozo aliotaja Fundi unataka tofauti ya mwanga kati ya maandishi ya kawaida na mandhari yake isipungue 4.5 kwa 1, na ile rangi ya kijivu inayopendwa na wabunifu haifiki hapo mara nyingi. Meza yangu isielekee dirishani; hilo halina gharama yoyote, na nililipigania kuliko kompyuta yenyewe.

Mashine ya alama za vidole kwa ajili ya mahudhurio ni tatizo kubwa kuliko inavyodhaniwa. Wapo wasio na vidole, wapo waliopata makovu ya ukoma, na wapo wapakiaji wa mizigo ambao alama zao zimesagika kwa kazi. Mashine nyingi huonyesha kosa kwa maandishi kwenye kioo kidogo, na asiyeona huondoka akidhani amesajiliwa, mwisho wa mwezi akakatwa mshahara. Iwepo njia ya pili, kadi au namba ya siri, itakayotumiwa na yeyote bila kuomba kibali.

Matangazo ya ofisi nayo: barua inagongwa muhuri, inatiwa sahihi, inapigwa picha kwa simu iliyopinda, inatupwa kwenye kundi la WhatsApp. Kwa mwenzetu anayesikiliza, hiyo ni picha isiyo na neno hata moja. Bandikeni maandishi yaliyochapwa chini ya picha hiyo. Aliyeiandika barua anayo kwenye kompyuta yake.

Natofautiana kidogo na Wakili. Swali la mahitaji hata likiulizwa kwa adabu, wengi wetu tutaliacha wazi, maana tumeshaona kinachofuata mtu anapojitaja. Ningependa tangazo lenyewe lianze kwa kutaja yaliyopo: mkalimani, muda wa ziada kwenye mtihani, karatasi za maandishi makubwa, kompyuta yenye NVDA, pamoja na jina la cheo na namba ya mtu wa kuulizwa. Nikiona hayo nitajua kuna aliyekwishafikiri.

Afisa Ajira

Nawashukuru sana. Nimechomoa kipanya kama Fundi alivyoagiza, na sikuvuka ukurasa wa pili. Kalenda ndiyo iliyonizuia. Nimemwita meneja wangu akajaribu mbele yangu, naye akakwama hapo hapo. Ununuzi wa kitufe umesimamishwa.

Lakini waliotutengenezea mfumo wanasema marekebisho yote yanahitaji mkataba mpya, na tangazo lijalo liko karibu. Tukilazimika kuchagua, tufanye yapi kwanza? Na wa kutujaribia tutawapata wapi?

Fundi wa Mifumo

Kwa sasa dai yale yanayomzuia mtu kabisa: kalenda, lebo, maelezo ya makosa, na zile picha za kuthibitisha ubinadamu kama mnazo. Lugha ya ukurasa ni mstari mmoja. Wasikutoze kwa hilo. Rangi na ukuzaji vifuate mara baada ya hapo, na barua pepe ya Wakili itumike katikati. Katika mkataba mpya andika WCAG 2.2 ngazi ya AA, na awamu ya mwisho ya malipo isitoke mpaka watumiaji wa programu za kusoma skrini wamejaza fomu hadi mwisho bila msaada, kwenye kompyuta na kwenye simu.

Msomaji kwa Masikio

Wajaribuji mtawapata kupitia SHIVYAWATA, ambalo ndilo shirikisho la vyama vyetu, au moja kwa moja kwa Chama cha Wasioona na CHAVITA, chama cha viziwi. Ombeni watu wenye viwango tofauti vya kutumia kompyuta, maana mzoefu kama mimi huwa na mbinu za kuukwepa ubovu ambazo mhitimu wa juzi hana. Nao walipwe kwa siku hiyo kama mnavyomlipa mtaalamu mwingine yeyote, nauli ya msindikizaji ikiwemo.